Wasomaji Wanauliza: Kwenda Bagamoyo kwa Baiskeli, na Kurudi

SWALI: Shikamoo, Mzee wa safu. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina umri wa miaka 41, na ninafanya kazi ya ukarani hapa Dar es Salaam. Ofisini kwetu tumekubaliana kwamba Jumamosi moja ya mwezi Julai tutaendesha baiskeli kutoka Mwenge hadi Bagamoyo na kurudi siku hiyo hiyo, na kwamba kila mmoja wetu ataomba ahadi za fedha kwa ndugu na marafiki, ili tujenge matangi ya kuvunia maji ya mvua katika shule moja ya msingi mkoani Pwani. Nilinyoosha mkono kwa furaha, lakini nilipofika nyumbani nikakumbuka kwamba safari yangu ndefu kuliko zote kwa baiskeli ni ya kutoka Segerea hadi Tabata Relini, tena zamani. Zimebaki wiki kumi. Je, nitaweza? Na siku yenyewe huwaje?
Mama Wawili, Tabata Segerea

JIBU: Marahaba, Mama Wawili. Utaweza. Sisemi hivyo kwa kukufariji tu, kwa sababu wiki kumi zinatosha kumwandaa mtu mzima mwenye afya ya kawaida. Ila kama una shinikizo la damu, kisukari au matatizo ya moyo, pita kwanza hospitali upimwe kabla hujanunua hata kengele. Jambo ninalotaka ulishike tangu mwanzo ni kwamba safari ya Bagamoyo haiamuliwi wakati wa kwenda, bali wakati wa kurudi. Karibu kila niliyemwona akipandishwa kwenye gari la huduma, nami nikiwamo, alikuwa ameiharibu safari yake kabla ya saa tatu asubuhi, akiwa bado anacheka na kupiga soga.

Sababu yake ni upepo. Julai ni msimu wa kusi, na barabara ya Bagamoyo inaelekea kaskazini-magharibi, kwa hiyo asubuhi upepo utakuwa mgongoni mwako. Upepo wa mgongoni hausikiki. Utaona tu kwamba baiskeli inakwenda yenyewe, utajipongeza kwa mazoezi uliyofanya, na utaanza kuwapita wenzako. Kisha mchana, wakati kusi imepata nguvu pamoja na upepo wa baharini, utageuza usukani kurudi mjini na kukuta kwamba ule msaada uliodhani ni miguu yako sasa umesimama mbele yako. Ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa kasi yake: mtu anayekwenda kilomita 20 kwa saa kuelekea upepo wa kilomita 15 hupigwa na hewa kana kwamba yuko kwenye kasi ya 35, ilhali asubuhi, kwa mwendo huo huo, hewa iliyomgusa ilikuwa ya kilomita 5 tu. Manahodha wa majahazi waliopita pwani hii walipanga mwaka mzima kwa kufuata pepo mbili, wakishuka na kaskazi na kupanda na kusi. Sisi wa baiskeli tunataka kwenda na kurudi kwa upepo mmoja, ndani ya siku moja, na kuwahi chakula cha jioni.

Mara yangu ya kwanza sikulijua hilo, wala sikuuliza. Tulikuwa tukichangia madawati, nami nikaona fahari kuwa miongoni mwa watu wanne wa mwanzo kufika Bagamoyo. Wakati wa kurudi, nilipofika Kerege, mikono ilianza kutetemeka na nikasikia baridi kwenye jua la saa saba. Nilishuka, nikaegemeza baiskeli kwenye mwembe, nikakaa chini bila kuchagua mahali. Mama mmoja aliyekuwa akiuza machungwa pembeni mwa barabara alikuwa akimenya moja, ganda la kijani likishuka mkononi mwake kama utepe mmoja usiokatika, na bila kuacha kumenya akaniangalia na kusema, “Baba, wewe huumwi. Wewe hujala.” Alinikatia machungwa mawili, akayanyunyizia chumvi na pilipili, kisha akanipa kipande cha muhogo wa kuchoma kutoka kwenye chakula chake mwenyewe. Baada ya nusu saa nilisimama nikaendelea, ingawa nilimaliza wa pili kutoka mwisho.

Yule mama alikuwa ameeleza kwa maneno mawili jambo ambalo wataalamu wa lishe hulieleza kwa kurasa nyingi. Misuli huhifadhi akiba ya wanga inayotosha kazi nzito kwa muda wa saa moja na nusu hadi mbili, na baada ya hapo mwili unategemea unachokula njiani. Kwa hiyo usisubiri njaa. Kula kidogo kila baada ya nusu saa tangu Tegeta: ndizi mbivu moja ina wanga wa gramu 25 hivi, na mwendeshaji wa kawaida anahitaji gramu 30 hadi 60 kwa saa, yaani ndizi moja hadi mbili, au kiazi kitamu cha kuchemsha, au kashata mbili tatu mfukoni. Kunywa nusu lita hadi robo tatu ya lita kila saa kwa mafundo madogo. Maji matupu kwa wingi mno nayo yana hatari yake, kwa sababu hupunguza chumvi iliyomo kwenye damu, kwa hiyo chupa moja kati ya mbili iwe na mchanganyiko tunaowapa watoto wanaoharisha: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha. Kamulia limau ukipenda. Ladha yake si ya kusifia, lakini saa saba mchana utaiona kama sharubati.

Sasa kuhusu siku yenyewe. Ningeshauri muondoke Mwenge saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mwezi Julai jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo saa ya kwanza mtakwenda gizani, na taa ya mbele, taa nyekundu ya nyuma na kizibao chenye kuakisi mwanga si mapambo. Kipande cha kwanza si shamba hata kidogo: ni mataa, daladala zinazoingia kituoni bila ishara, na kuanzia Tegeta malori ya saruji yanayotoka kiwanda cha Wazo pamoja na yale ya mchanga na kokoto. Hapo mwende mstari mmoja, upande wa kushoto kabisa, bila kupiga gumzo. Baada ya Boko na Bunju nyumba zinaanza kuachiana nafasi, barabara inashuka kwenye bonde la mto Mpiji, ambao ndio mpaka wa Dar es Salaam na Pwani, na ukiupanda mwinuko wa upande wa pili kuelekea Mapinga utakuwa kwa mara ya kwanza unasikia cheni yako mwenyewe.

Kuanzia hapo ndipo penye thawabu ya siku hiyo. Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo: kati ya vijiji hivi kuna minazi, mihogo, miembe na mikorosho, na Julai mikorosho huwa imeanza kuchanua, maua madogo ya waridi yasiyovutia macho lakini yenye harufu ambayo mtu aliye ndani ya basi haijui. Utawaona watoto wakisukuma baiskeli zilizofungwa madumu ya maji manne, mawili kila upande wa keria, na watakimbia sambamba nanyi kwa hatua ishirini hivi kisha waachie njia. Wasalimie. Mtu anayepita kijijini kwa kasi ya kilomita 18 kwa saa yuko karibu mno kuweza kujifanya hakuwaona watu.

Bagamoyo mtafika karibu saa nne. Ni mji wa kutembelewa kwa utulivu siku nyingine, kwa sababu palikuwa mwisho wa njia ya misafara ya wapagazi waliotembea kwa miguu kutoka Ujiji na Tabora, na magofu ya Kaole yako kilomita chache tu kusini mwake. Siku hiyo, hata hivyo, msikae zaidi ya saa moja. Nimeshuhudia pilau ya Bagamoyo ikiangusha watu wengi kuliko kilima chochote. Kula wali kidogo au chapati mbili, kunywa dafu, jaza chupa, jinyooshe kivulini, kisha ondoka saa tano kabla miguu haijakakamaa.

Katika kurudi, msitawanyike. Mtu anayefuata nyuma ya mwenzake kwa umbali wa mita moja hivi hupunguziwa kazi kwa robo au hata theluthi, kwa sababu wa mbele ndiye anayekata upepo, kwa hiyo mpangane watu watano au sita, kila mmoja akae mbele dakika tatu kisha asogee pembeni na kurudi nyuma. Wa mbele ndiye mwenye macho ya wote: aonyeshe kwa mkono shimo, tuta au chupa iliyovunjika, na asifunge breki ghafla. Kama hamjawahi kufanya hivyo, fanyeni mazoezi kwanza mahali pasipo na magari. Ukiona mwenzako anaanza kuongea maneno yasiyounganika, anayumba, anatapika au anasikia baridi juani, safari yake imekwisha hapo hapo: mwekeni kivulini, mmwagieni maji, mpepeeni, na gari limpeleke hospitali. Hilo halijadiliwi naye, kwa sababu mtu aliyepatwa na joto kali ndiye wa mwisho kulikubali.

Ili ufike siku hiyo ukiwa tayari, panda baiskeli mara tatu kwa wiki. Mbili za katikati ya wiki ziwe fupi, dakika arobaini au saa moja. Ya Jumapili ndiyo iongezeke: anza na kilomita 20, ongeza 10 kila wiki, fika 90 wiki mbili kabla ya safari, halafu punguza upumzike. Wewe uliyeko Segerea una bahati, kwa sababu njia ya Kinyerezi kupitia Kifuru na Malamba Mawili hadi Mbezi ina vilima vya kutosha kukufundisha gia. Kasi yako isizidi ile inayokuwezesha kusema sentensi nzima bila kuhema. Ukilazimika kukatiza sentensi, punguza, hata kama Bwana Mhasibu anakupita.

Jambo la mwisho ni kiti, ambacho ndicho kinacholiza wengi. Kaa juu ya baiskeli, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa, na mguu uwe umenyooka bila nyonga kuinama upande. Kikiwa chini ya hapo, magoti yatakuuma kabla ya Bunju. Vaa kaptula yenye godoro la ndani bila nguo nyingine ya ndani yenye mishono, na ujipake mafuta ya mgando kwa wingi kuliko unavyodhani inafaa.


SWALI: Mhariri, mimi huwa najiuliza kuhusu hizi safari za hisani. Mahali ninapofanya kazi tulifanya moja mwaka jana. Zilishonwa fulana, akakodiwa mpiga muziki, yakakodiwa magari mawili, tukala vizuri sana, na mwisho tulikabidhi hundi ambayo, kwa hesabu yangu, haikufikia hata nusu ya gharama hizo. Kwa nini watu wasitoe fedha moja kwa moja wakabaki nyumbani kwao?
Mwenye Mashaka, Mbagala

JIBU: Ndugu yangu, mashaka yako ni ya haki na sitayapinga kwa ujumla wake. Safari ya hisani ambayo gharama zake zinatoka kwenye michango ni karamu iliyovaa kofia ngumu. Kanuni ninayoifuata, na ambayo nimewahi kujitoa kwenye safari moja kwa sababu haikukubaliwa, ni kwamba fulana, chakula, mafuta ya gari na posho ya muuguzi hulipwa na washiriki wenyewe kwa kiingilio, au na mfadhili aliyesema waziwazi kuwa analipia hayo, na shilingi iliyoahidiwa kwa ajili ya tangi iende kwenye tangi. Akaunti ziwe mbili, watia saini wawe watatu, na taarifa ya mapato na matumizi itumwe kwa kila aliyechangia ndani ya mwezi mmoja. Kama fedha inapitia shirika, uliza cheti chake cha usajili chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002. Anayeudhika kwa swali hilo amekwisha kukujibu.

Hata hivyo, swali lako la pili lina jibu tofauti. Yule anayeweza kutoa moja kwa moja na atoe, na Mungu ambariki. Lakini sote tunajua jinsi fedha inavyotoka mifukoni mwetu. Tunachangia harusi za watu ambao hatujawahi kula nao meza moja, tena kwa viwango vilivyochapishwa kwenye kadi, kwa sababu kadi ililetwa na mtu tunayemfahamu, akasimama mlangoni, akaulizia watoto, na wiki iliyofuata akapiga simu. Mwendesha baiskeli ni kadi ya namna hiyo. Akisema, “Niahidi shilingi 500 kwa kila kilomita nitakayomaliza, na kilomita ni 120,” ameomba shilingi 60,000 kwa njia ambayo ni vigumu kuikataa, kwa sababu yeye mwenyewe ameweka miguu yake rehani. Watu kumi wa namna hiyo ni shilingi 600,000 kwa mwendeshaji mmoja, na hakuna barua ya maombi niliyowahi kuiandika iliyoleta hata robo ya hizo.

Ahadi ni deni, lakini deni hili lina tabia ya kusahaulika haraka. Andikisha ahadi mapema, tuma picha ukiwa Bagamoyo, na omba malipo kwa simu jioni ile ile wakati mdai bado anachechemea. Ukingoja hadi mwisho wa mwezi, utaambiwa habari za ada za shule. Kubalianeni pia mapema kuhusu atakayepanda gari njiani: je, ahadi yake inahesabiwa kwa kilomita alizofika au nzima? Mimi hupendelea kilomita alizofika, kwa sababu aliyeahidi huona kwamba hesabu ni ya kweli, na nimeona wengi wakilipa nzima kwa hiari yao.

Kuhusu matangi ambayo msomaji wa kwanza ameyataja, hesabu yake ni nyepesi na ningependa kila mwendeshaji aijue kabla ya kuomba mchango. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Ukanda wetu huu hupata takriban milimita 1,000 kwa mwaka, nyingi zikiwa za masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Paa la madarasa lenye mita za mraba 200 linaweza basi kupokea lita 200,000 kwa mwaka, na hata tukiondoa sehemu ya tano inayopotea kwa kumwagika na kukauka, zinabaki lita 160,000. Kikwazo ni kwamba maji hayo huja kwa mafungu, na shule isiyo na tangi huyaangalia yakipita. Mchangiaji aliyeelezwa hivyo huuliza maswali ya ukubwa wa tangi na ubora wa mifereji ya bati, ambayo ndiyo maswali ya maana, badala ya kuuliza rangi ya fulana.

Tena kuna jambo ambalo hundi iliyotumwa kwa posta haiwezi kukuonyesha. Mtambo wa Ruvu Chini, ulioko Bagamoyo, ni mmoja kati ya mitambo mikuu inayoleta maji Dar es Salaam, na maji hayo huja mjini kwa kufuata uelekeo wa barabara ile ile mnayoiendesha. Ukiwa na kiu ya kilomita ya 80, ukimwona mtoto wa miaka tisa akisukuma madumu juani kando ya barabara hiyo, huhitaji hotuba ya mgeni rasmi.

Wapo wanaolifanya jambo hili kwa utaratibu mzuri. Kampeni ya Kili Challenge, iliyoanza mwaka 2002, huwapa washiriki nafasi ya kuupanda Mlima Kilimanjaro au kuuzunguka kwa baiskeli ili kukusanya fedha za mapambano dhidi ya UKIMWI. Msafara wa Twende Butiama nao hutoka Dar es Salaam hadi Butiama, kijiji cha Mwalimu Nyerere, kumkumbuka yeye aliyefariki tarehe 14 Oktoba 1999, na njiani hufanya kazi za kijamii kama vile kupanda miti. Utakubali kwamba mtu aliyeendesha baiskeli hadi mkoani Mara hakufuata pilau.


SWALI: Baba, nina miaka 22 na ninatumia Phoenix aliyoniachia babu, isiyo na gia. Wenzangu wanaojiandaa kwa safari ya Bagamoyo wana baiskeli nyembamba za kisasa na wanasema nitawachelewesha. Niache?
Kijana wa Bunju

JIBU: Usiache, mwanangu. Baiskeli yako ina uzito wa kilo 20 au zaidi, na kwa kweli itakuchelewesha kwenye kilima cha Mapinga, ambapo hakuna aibu kushuka na kusukuma. Lakini mpira wake wa ndani na spoku zake zinapatikana kwa karibu kila fundi aliyeko chini ya mwembe kuanzia Bunju hadi Bagamoyo, ilhali mwenye tairi nyembamba akipasukiwa na mpira wa akiba Zinga itambidi asubiri gari. Badilisha raba za breki kabla ya safari, kwa sababu breki za vyuma za baiskeli hizo ni dhaifu na mteremko wa Mpiji ni mrefu. Safisha na ujaze grisi beringi za magurudumu na za pedeli, lainisha cheni, na uifutilie mafuta ya ziada yasikusanye mchanga.

Nikupe na somo nililolipia mwenyewe. Nilipata pancha karibu na Kiromo, na fundi mmoja kijana, wa umri wako pengine, alivua tairi upande mmoja kwa spana mbili, akatoa mpira, akaujaza upepo, akautumbukiza katika karai la maji kidogo kidogo huku akiuzungusha, mpaka mlolongo wa mapovu membamba ukaanza kupanda kutoka mahali pamoja. Akapatia alama kwa kijiti, akapakausha, akapakwaruza kwa msasa, akapaka gundi, akaipuliza akisubiri ikauke, kisha akabandika kiraka na kukigonga kwa mpini wa nyundo. Nilikuwa na haraka, nikataka kumpa fedha nianze safari. Yeye akanyoosha mkono kunizuia, akapitisha kidole taratibu ndani ya tairi lote, na nusu ya mzunguko akasimama. Alitoa waya mwembamba kama unywele, urefu wa punje ya mchele, wa aina ile inayobaki barabarani matairi ya malori yanapopasuka. Kama ningeondoka bila yeye kuutafuta, kiraka kingedumu mita mia mbili. Basi hata ukibadilisha mpira mwenyewe, usirudishe tairi kabla kidole hakijazunguka lote, na upitishe kidole polepole, maana waya huo huchoma.

Na hao wenzako, waombe wakuweke katikati ya kundi wakati wa kurudi. Utashangaa jinsi mwenye Phoenix anayekula kwa wakati anavyowakuta wenye baiskeli nyembamba wamekaa Kerege.


SWALI: Assalam aleikum. Mimi na dada yangu tunavaa hijabu, na tungependa kushiriki safari kama hizo, lakini hatujui tuvaeje ili tujisitiri na tusihatarishe maisha. Buibui tulilijaribu likanasa kwenye cheni.
Bi. M., Magomeni

JIBU: Waaleikum salaam, Bi. M. Buibui, kanga na suruali yoyote pana miguuni haviendi na cheni, na aliyenasa mwendoni huanguka upande wa barabara, si upande wa majani. Nimewaona kina dada wakivaa suruali nyepesi ya mazoezi iliyobana kifundoni, na juu yake gauni pana linaloishia magotini, lililopasuliwa pembeni ili goti lipande bila kulivuta. Kama suruali haibani, funga mguu wa kulia, ulioko upande wa cheni, kwa mpira mpana au kwa kitambaa. Kitambaa kiwe cha rangi nyepesi, kwa sababu cheusi hupokea joto, na kiwe cha kupitisha jasho.

Kwa kichwani, chagueni hijabu ya kuvaa moja kwa moja, ya kitambaa chembamba kinachonyumbuka, isiyo na mikunjo juu ya utosi, ili kofia ngumu ikae sawasawa, vidole viwili tu juu ya nyusi, na mkanda wake upite chini ya kidevu juu ya kitambaa. Ncha zote ziingizwe ndani ya gauni ili upepo wa kusi usizipeperushe usoni wakati wa kurudi. Nunueni kofia mkiwa mmevaa hijabu hiyo hiyo, kwa sababu saizi hubadilika. Pini za chuma ziacheni nyumbani. Kama hamna budi, moja ya begani inatosha, maana ya kidevuni hukutana na mkanda wa kofia, na itawachoma katika kila tuta kutoka Mwenge hadi Bunju.